Sufu ya Mawe kwenye Ukuta wa Bardhyl

Nilipiga kofi moja katikati ya chumba changu. Chumba kikanijibu kwa makofi matatu madogo, makavu, yaliyokimbizana kutoka ukuta hadi ukuta kama njugu zilizomwagika sakafuni. Nikapiga tena. Mama akaita kutoka jikoni.

"Edlira, unampigia nani makofi humo?"

"Ukuta, mama."

"Haya. Ukimaliza kuupongeza njoo ukate vitunguu."

Sikwenda. Ilikuwa Alhamisi, na Jumanne baba angefanyiwa upasuaji Tirana. Daktari hakuzunguka: uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti, kooni, kwa hiyo kisanduku chote kitatolewa. Baba ataishi. Atapumua kwa tundu shingoni, atakula, atapanda ngazi zetu za ghorofa ya tatu. Lakini sauti ile haitarudi tena.

Baba yangu Kujtim aliendesha winchi bandarini Vlora miaka thelathini, ila hakuna aliyemkumbuka kwa winchi. Watu walimjua kwa sauti. Katika nyimbo zetu mmoja huanza, wa pili humjibu, na wengine huishikilia iso, sauti moja nzito isiyopanda wala kushuka, *eee*, ambayo mwanzilishi husimama juu yake kama mtu juu ya sakafu. Baba ndiye aliyekuwa akianza. Kundi lao la watu wanne liliimba kwenye harusi na misiba ya nusu ya vijiji vya milimani, na kumbukumbu pekee tuliyokuwa nayo ni kaseti moja ya harusi ambamo sahani zinasikika kuliko yeye.

Nami nilisomea mambo ya sauti chuoni miaka mitatu, na sikuwahi kumrekodi baba. Hiyo ndiyo aibu iliyokuwa ikinitembeza chumbani. Maikrofoni nzuri ninayo, kompyuta ninayo, kila wiki narekodi masomo ya Kiitaliano kwa ajili ya watoto, lakini hufanya hivyo nikiwa nimejifungia kabatini kati ya magauni, blanketi kichwani. Kwa sauti yangu nyembamba kabati linatosha. Sauti ya baba haiingii kabatini. Ukimweka chumbani, kuta tupu na vigae vya sakafu vinamrudishia kila kitu usoni, na katika rekodi anasikika kama mtu aliyeangukia kisimani.

"Twende studio ya kweli," nilimwambia. "Iko moja karibu na chuo kikuu."

"Nikaimbe mbele ya kijana mwenye hedifoni anayetafuna bazoka?" Sauti yake ilikuwa tayari inakwaruza. "Hapa nyumbani, mama, au basi."

Baba huniita mama tangu nizaliwe. Mimi nina miaka ishirini na minne na bado nikiitwa hivyo nafanya chochote.

*

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Njiani kote nilikuwa nimejifunza sentensi yangu: nataka sufu ya mawe, vibamba vigumu, unene wa sentimita kumi. Mbele yangu kwenye kaunta walisimama wanaume wanne wenye simenti viatuni. Zamu yangu ilipofika, wote waligeuka.

"Nataka ya ukutani," nilisema. "Ya sauti."

"Unataka izolim," alisema muuzaji. Ndilo neno letu la kila kinachozuia kitu kisiingie au kisitoke.

"Ndiyo, lakini ya—"

"Izolim ni izolim, dada. Baridi, joto, kelele, mama mkwe, vyote vinabaki nje." Wanaume wakacheka. Akapiga kwa kiganja rundo la vibamba vyeupe vya povu gumu, lile linalofungiwa televisheni ndani ya boksi. "Vlora nzima imevaa hii."

Nilijua. Mtihani wa somo hilo nilipata alama zote. Povu lile vitundu vyake vimefungwa, hewa haipiti. Linashika joto, lakini sauti ikiligonga inateleza na kurudi. Kinachofyonza sauti ni kitu ambacho ukikiwekea mdomo unaweza kupuliza hadi upande wa pili: sufu, pamba, nyuzi, njia elfu nyembamba ambamo sauti huingia ikachoka. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikafungua mdomo kulisema, wale wanne wakaningoja, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Nipe kumi na viwili."

Baba alinisaidia kuvibandika. Alikuwa na furaha kama mtoto, akashika kila kibamba kwa viganja viwili mpaka gundi ikakauka, akinisimulia meli ya saruji iliyozama mwaka nilipozaliwa. Saa tisa tulimaliza. Nikapiga kofi. Chumba kikalia kama bafu.

Baba hakunigombeza. Alisimama tu akitazama ukuta wetu mweupe.

"Nani alikuambia ununue hii?"

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna mrudishie."

*

Jumamosi nilirudi. Nilikuwa sijalala vizuri, mikono inanuka gundi kwa kubandua vibamba usiku kucha, na mama alikuwa amenipa trei arobaini za mayai alizokusanya kwa majirani tangu alfajiri, kwa sababu binamu yake alimwambia ndizo dawa ya mwangwi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba trei za mayai ni karatasi tu. Nilizipanga nyuma ya mlango akafurahi.

"Sufu ya mawe," nilimwambia muuzaji.

"Nini?"

"Sufu ya mawe. Sentimita kumi."

"Nini? Paza sauti, dada, hapa si msikitini."

Mara ya tatu midomo ilitikisika tu. Pembeni yangu kulikuwa na bibi mmoja anayenunua bomba la sinki. Akagonga kaunta kwa lile bomba.

"Anataka sufu ya mawe! Masikio yako ndiyo yametiwa izolim, wewe bwege!"

Nikapewa sufu ya mawe. Vifurushi vitatu, vya rangi ya haradali, vinavyowasha ngozi kama upupu. Nilivipandisha mwenyewe, kimoja kimoja, na kwenye kifurushi cha tatu nikamkuta ami Bardhyl amesimama kwenye kibaraza cha ghorofa yetu, mikono nyuma, anasoma karatasi ya kifurushi cha kwanza.

Ami Bardhyl, jirani ninayemwita ami kwa heshima tu, anakaa mlango wa pili. Chumba chake cha kulala na changu vinagawana ukuta mmoja wa matofali. Yeye ndiye aliyekuwa iso ya baba miaka ishirini, mpaka harusi moja ya kijiji cha Kaninë, ambapo wimbo ulivunjika katikati na baba akageuka mbele ya meza zote na kusema, "Umeiangusha, Bardhyl. Hata mbuzi angeishikilia." Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo wakikutana kwenye ngazi, mmoja hutazama taa ya juu na mwingine hutafuta funguo mifukoni.

"Izolim," alisema, kidole juu ya karatasi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Unaweka ukuta gani?"

"Kuta zote."

"Na wangu?"

"Na... huo pia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sawa. Kwa hiyo sasa hata kikohozi changu kinamkera. Mwambie baba yako nitakohoa chooni."

Alikuwa anageuka kwenda. Uso ulinichoma, na mikono ilikuwa inawasha kiasi kwamba nilitaka kulia. "Siyo hiyo, ami. Hii haizuii. Inafyonza tu mwangwi wa ndani, yaani sauti isirudi kwangu. Inayotoka inatoka. Ya kuzuia ingekuwa kujenga ukuta mwingine mzito, na milango, na..." Nilikuwa sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo. "Utaendelea kutusikia. Na sisi wewe. Hasa sauti nzito. Sauti nzito inapita popote."

"Hasa nzito," alisema.

"Hasa nzito."

Alinitazama kidogo, kisha akaanza kutafuta funguo mifukoni, ingawa mlango wake ulikuwa wazi.

*

Jumapili mchana nilikuwa nimemaliza. Fremu za mbao, sufu ndani, mashuka ya zamani ya mama juu yake. Vigodoro kumi na vinne. Niliviacha mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne ili hewa ipite nyuma, na kwenye pembe nilirundika mara mbili kwa sababu pembeni ndiko sauti hujificha. Zulia la sebuleni nikalileta. Nikapiga kofi, na kofi likafa mkononi.

Nilijivuna. Nasema ukweli, nilijivuna sana.

Baba akaingia amevaa shati jeupe, ndevu amenyoa. Tulingoja saa nane, kwa sababu kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja mji mzima unalala baada ya chakula cha mchana na hata pikipiki hazipiti. Nikavaa hedifoni. Baba akaweka kiganja sikioni, kama alivyofanya maisha yake yote, akaanza.

Akaacha.

Akaanza tena, chini zaidi. Sauti ilitoka mdomoni mwake na kuisha papo hapo, mbele ya midomo yake, kana kwamba kuna mtu ameikata kwa mkasi. Katika hedifoni nilisikia kila kitu: mate, pumzi, ule mkwaruzo mbaya wa kooni. Naye akausikia. Nilimwona akiusikia.

"Chumba kimekufa," alisema.

"Ndivyo kinavyotakiwa kuwa, baba. Mwangwi tutaongeza baadaye kwenye kompyuta."

"Baadaye." Alikaa kwenye kiti. "Hapa ninajisikia mwenyewe tu. Hakuna wa kusimamia. Naanza, halafu naangalia chini, hakuna sakafu."

Nikakimbilia kinanda changu kidogo, nikabonyeza noti moja nzito, nikaishikilia. Baba alisikiliza kwa heshima.

"Hiyo ni friji," alisema.

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha haraka. Alipopata pumzi alinipapasa kichwa. "Umeniletea izolim, mama. Mimi nilihitaji iso."

Wenzake nilikuwa nawajua. Neki amekufa. Hysni yuko Patra, anapaka rangi nyumba za Wagiriki.

"Nimwite ami Bardhyl?"

"Neno lile hukumwambia wewe. Nilimwambia mimi."

"Basi mwite wewe."

"Miaka kumi na moja sikumwita nikiwa mzima. Nimwite leo ili anihurumie?" Akanyanyua kidole. "Na la upasuaji asisikie. Mama yako ameapa. Apa na wewe."

Nikaapa.

*

Gari la mjomba lingekuja Jumatatu saa kumi na moja jioni kumpeleka baba Tirana. Tangu asubuhi nilikuwa napanga begi lake na kulipangua. Pajama, wembe, soksi. Nilimsikia chumbani kwao akijaribu sauti chini kwa chini, anaacha, anajaribu. Saa tano sikuweza tena. Nilitoka na kwenda kugonga mlango wa pili.

Ami Bardhyl alifungua akiwa na fulana, miwani kwenye paji la uso. Nilikuwa nimejitayarishia sentensi, na kama kawaida ilinikimbia.

"Mmepiga nyundo siku tatu bila kupumzika," alisema. "Watu hawana haraka hivyo wakiwa na wiki mbele yao."

Nilikuwa nimeapa. Nikatazama viatu vyake.

"Ukuta huu hauna siri, mwanangu. Namsikia anavyokohoa tangu Machi. Juzi nimemsikia mama yako akilia kwenye simu. Ni Jumanne, siyo?"

Sikusema ndiyo. Machozi yalisema bila mimi, nayo hayakuapa.

"Akiniita, nitakuja," alisema ami Bardhyl. "Nikiwa bila viatu nitakuja. Lakini aniite."

"Hataita."

"Basi." Na akafunga mlango, si kwa nguvu.

Sijui kwa nini ni rahisi zaidi kuongea na mlango. Niliweka paji la uso kwenye mbao zake.

"Usije, ami," nilisema. "Kaa kwako. Kaa tu chumbani, upande wa ukuta. Saa nane."

Mlango haukufunguka.

Nilirudi na bisibisi na nikaanza kung'oa vigodoro vya ukuta ule. Vyote vinne. Mama alikuja akasimama mlangoni na kijiko mkononi.

"Jana umeviweka, leo unavitoa. Umesomea nini hasa?"

"Hii, mama."

Nilijua ninachoharibu. Ukuta mmoja ukiwa tupu, sauti ya baba ingerudi upande huo na kuchafua rekodi. Mwalimu wangu angenirudishia kazi hiyo na wino mwekundu. Lakini kuta tatu zingefyonza mwangwi, na wa nne ungebaki tofali tupu, baridi, kama ulivyokuwa. Kiti cha baba nikakisogeza hatua mbili kutoka hapo.

Saa nane baba alikuja na shati lile lile. Akaona ukuta.

"Umevitoa."

"Ulisema chumba kimekufa. Nimekifungulia kidogo."

Hakuuliza zaidi. Nilibonyeza kurekodi. Nje palikuwa kimya kiasi cha kusikia shuka za jirani zikipigwa na upepo kwenye kamba. Baba akaweka kiganja sikioni na kuanza ule wimbo wa mtu anayeondoka, anayemwambia mama yake asifunge mlango kwa komeo kwa sababu bado yuko njiani. Mstari wa kwanza aliupata. Ukuta ulimrudishia kidogo, na aliposikia kile kidogo alisimama wima zaidi. Mstari wa pili ulianza kumponyoka. Nikaona mshipa wa shingo, nikaona mkono unatafuta kitu hewani, nikajua anaacha.

Ndipo sikio langu la kushoto, ndani ya hedifoni, likashika kitu. Kwanza nilidhani ni gari linapita. Halafu nikahisi kwenye ubao wa kiti changu.

*Eee.*

Ilikuwa chini kabisa, chini kuliko nilivyokumbuka, ikipita kwenye tofali kana kwamba tofali ni pazia. Haikutetemeka. Haikuuliza.

Baba hakunitazama. Alipiga hatua mbili, akaweka kiganja chake kwenye ukuta, na akauchukua mstari wa pili tangu mwanzo. Safari hii alipanda. Mkwaruzo ulikuwapo, sitadanganya, uko kwenye rekodi, lakini alipanda nao, na kila alipokosa pumzi iso ilikuwa chini yake inamngoja. Beti tatu. Katikati ya ubeti wa tatu mwanamke wa ghorofa ya tano akatoka roshani.

"Enyi! Watu wamelala!"

"Utalala kaburini!" Mama alimjibu kutoka jikoni, mama yangu ambaye huomba radhi hata kwa paka. Hilo nalo limerekodiwa.

Wimbo ulipoisha baba alibaki na kiganja ukutani. Iso ilikwenda kidogo mbele yake, kama inavyopaswa, kisha ikashuka. Kikafuata kikohozi upande wa pili, na kiti kukokotwa.

"Umeanza juu mno, mpumbavu wewe!" Sauti ya ami Bardhyl ilikuja kupitia matofali, nzito, kila neno zima.

Baba akafungua mdomo kumjibu. Hakikutoka kitu. Hewa tu. Alijaribu tena, akashika koo, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nikaona hofu yake yote, haina shati jeupe wala wembe wa kuificha. Akaniita kwa kidole. Nikavua hedifoni na kuinama, akaninong'oneza sikioni.

"Mwambie hakuiangusha."

Nikasogea ukutani. "Ami Bardhyl, baba anasema—"

"Nini?" ukasema ukuta.

Nilijaza kifua. Sijawahi kupaza sauti nyumbani, wala shuleni, wala nilipogongwa na baiskeli. Nikaweka viganja viwili kwenye tofali, palepale palipokuwa na kiganja cha baba, na kupiga kelele mpaka nikaona nyota.

"Baba anasema hukuiangusha!"

Baba akanivuta mkono. Midomo yake ilikuwa kwenye nywele zangu. "Wala siku ile."

"Wala siku ile!" nikapiga kelele. "Ya Kaninë! Anasema wala siku ile hukuiangusha!"

Katika rekodi sehemu hiyo imepasuka vibaya, kwa sababu maikrofoni ilikuwa karibu nami na sikuwa nimeipunguza. Ningeweza kuikata. Baada yake kuna ukimya wa sekunde kumi na mbili, kisha kiti kinakokotwa tena, viatu havisikiki, ni miguu tu kwenye vigae, na mlango wa pili unafunguka.